Msaji kugeuka kijivu si kuoza: Jinsi ya kutunza fanicha za nje

ALIYENUNUA meza na viti vya msaji kwa ajili ya ua au baraza aghalabu huingiwa na wasiwasi kabla ya mwaka kuisha. Rangi ya asali iliyomvutia dukani hufifia, mbao zikaanza kuwa kijivu, na jirani wa kwanza kupita hushauri zipakwe vanishi upesi kabla hazijaoza. Ushauri huo waweza kuidhuru fanicha kuliko mvua yenyewe.

Ukijivu huo si maradhi. Miale ya jua huivunjavunja lignini, yaani kiambato kinachoshikamanisha nyuzi za mti, nayo mvua huiosha ikaondoka. Kinachobaki juu ni utando mwembamba wa nyuzi zilizopauka. Ukiupitishia msasa laini mahali pamoja tu, rangi ya awali hujitokeza papo hapo, kwa kuwa chini yake mbao ni zima.

Uimara wa msaji umo ndani. Moyo wa mti huu una mafuta ya asili, chembechembe za mpira na viambato ambavyo mchwa na kuvu huvikimbia. Kadhalika una silika, ambayo ndiyo inayowafanya maseremala walalamike kwamba misumeno yao imekuwa butu. Haikuwa ajabu, basi, kwa waunda majahazi wa Oman na Kuwait kuagiza mbao hizi kutoka pwani ya Malabar, India. Vyombo vilivyoundwa kwazo vilikaa baharini miaka mingi, vikija Lamu na Mombasa kwa pepo za kaskazi na kurejea kwa kusi. Mbao iliyohimili chumvi na jua kiasi hicho haitashindwa na manyunyu ya bustanini.

Hata hivyo, sifa hizo ni za moyo wa mti, si za sehemu ya nje iliyo nyeupe. Sehemu hiyo huoza na kuliwa na wadudu kama mbao nyingine dhaifu. Miti iliyokatwa ikingali michanga huwa na weupe mwingi, na kuna msaji wa kupandwa katika kanda yetu hii, kwa mfano mashamba ya Longuza, Muheza, na Mtibwa, Morogoro, nchini Tanzania. Si kwamba mti wa kupandwa ni mbaya. La muhimu ni umri wake na namna ulivyopasuliwa. Mnunuzi na akipindue kiti, atazame chini ya kikalio na ndani ya miguu. Akiona mistari myeupe, au rangi ya kahawia inayobanduka kwa ukucha, asikubali kulipa bei ya msaji. Fauka ya hayo, wapo wafanyabiashara wanaouita mvule msaji wa Afrika. Mvule nao ni mti imara na matunzo yake hayatofautiani sana na haya, lakini si msaji.

Usafi wenyewe si kazi kubwa. Maji vuguvugu, sabuni laini kidogo na brashi isiyo ngumu vyatosha. Sugua kufuata mkondo wa nyuzi, suuza vizuri, kisha uache vikauke kivulini. Mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli, ni kiasi cha haja. Wanaoishi karibu na bahari wamwagie maji baridi mara kwa mara ili kuondoa chumvi.

Mashine za kurusha maji kwa nguvu, kama zile za kuoshea magari, zisikaribie msaji. Maji hayo huchimba sehemu laini na kuacha ile ngumu imesimama, mbao ikawa na matuta yanayokwaruza nguo na kutunza uchafu. Vivyo hivyo waya za chuma za kusugulia sufuria: chembe zake hubaki ndani ya nyuzi, zikashika kutu na kuacha madoa meusi. Anayetumia msasa ajifunike pua na mdomo, maana vumbi la msaji huwasha ngozi na kusumbua kifua.

Kuhusu mafuta, jina lisimpumbaze mtu. Yale yauzwayo kama mafuta ya msaji hayakukamuliwa kutoka mti huo. Aghalabu ni mafuta ya kitani au ya jamii hiyo, yaliyochanganywa na vanishi na kiyeyushio. Huirejesha rangi kwa muda, kisha jua huyamaliza, na penye unyevu huwa chakula cha kuvu, mbao ikafanya madoadoa meusi. Aliyeanza kuyapaka hulazimika kuendelea. Vanishi ni mbaya zaidi, kwani huvimba na kubanduka juani, na kuiondoa yote ni kibarua cha siku nzima. Kwa anayeipenda rangi ya asali kwa dhati, yapo maji ya kukinga mbao yenye kichujio cha miale ya jua. Yapakwe kila mwaka juu ya mbao safi iliyokauka kabisa. Mwandishi huyu anauona ukijivu kuwa na haiba yake, tena hauna gharama.

Hatari ya kweli huanzia chini. Miguu inayosimama kwenye udongo au nyasi hunyonya maji kupitia ncha zake zilizokatwa, na hapo ndipo uozo hupata njia. Viti vikae juu ya saruji au vipande vya mawe. Msimu wa mvua visifungwe kwa plastiki isiyopitisha hewa. Heri vibaki wazi. Skrubu za chuma cha kawaida zibadilishwe ziwe za shaba au za chuma kisichoshika kutu.

Atakayeamua kupaka mafuta asisahau tambara alilotumia. Mafuta ya kitani hutoa joto yanapokauka, na matambara yaliyofumbatwa pamoja huweza kuwaka moto yenyewe bila kiberiti. Yatandazwe nje moja moja hadi yakauke, au yaloweshwe maji kabla ya kutupwa.