Hadithi Mchana: Shule za Watoto za Pwani ya Kenya

Desturi ya Waswahili iliiweka hadithi usiku, baada ya chakula, mikononi mwa bibi. Mchana mtoto alikwenda chuoni, akaketi jamvini, akaikariri Kurani kwa kumfuatia mwalimu. Malezi hayo mawili yalikaa jirani kwa muda mrefu, kila moja na saa yake.

Mpaka huo ulilegezwa Mombasa mwaka 1986. Viongozi wa Kiislamu, wakihofu kwamba watoto wao wanaachwa nyuma katika elimu, walipata msaada wa Wakfu wa Aga Khan. Bi Swafiya Said akashika kazi ya kuwafunza walimu, wanawake wa mitaa ile ile. Nadharia ya mafunzo ilitoka Michigan. Vifaa havikutoka huko: vifuu, visoda na makuti ndivyo vilivyochezewa na kuhesabiwa.

Lakini jambo zito zaidi, ambalo hutajwa kwa nadra, ni la lugha. Anayekariri hurudia alichosikia. Katika hadithi, "Paukwa!" haisogei mpaka waitikie "Pakawa!", na fanani akikosea hukatizwa, tena bila ya huruma. Mtoto mdogo akaingia katika Kiswahili cha darasani akiwa msemaji.

Mpango ulifika Zanzibar mwaka 1990, na Uganda 1993. Unguja hadithi zilikuta wenyeji wake. Kampala, ambako watoto wengi hulelewa kwa Kiganda, "Paukwa" isingeweza kufanya kazi hiyo. Ilibidi bibi wa huko wasikilizwe kwanza.