Brasília na Mji wa Mbao

Mwaka 1960, miezi michache baada ya Brasília kuzinduliwa, mwandishi wa Kifaransa Simone de Beauvoir aliitembelea pamoja na Jean-Paul Sartre. Mji ulikuwa mpya kabisa. Rais Juscelino Kubitschek alikuwa ameufungua rasmi tarehe 21 Aprili, baada ya ujenzi usiofika miaka 4, katika nyanda za juu za Brazil, mbali na pwani. Ramani ilikuwa ya Lúcio Costa: mihimili 2 inayokatana, umbo ambalo wengi huliona kama ndege. Majengo makuu yalisanifiwa na Oscar Niemeyer.

Mji huo haukumvutia Beauvoir. Alichokikosa ni mtaa, mahali ambapo mpita njia, mwenye duka na mgeni hukutana bila kupanga. Costa alikuwa amepanga barabara pana za magari, na makazi yakawekwa kwenye vitalu vya maghorofa vilivyozungukwa na miti.

Lakini mitaa ya namna hiyo ilikuwepo jirani. Mwaka 1956 palianzishwa Cidade Livre, yaani Mji Huru, kwa ajili ya wafanyabiashara na vibarua. Nyumba zake zilikuwa za mbao kwa makusudi, kwani ilikusudiwa zibomolewe mji mkuu ukishakamilika. Vibarua hao, walioitwa candangos, wengi wakitoka kaskazini-mashariki palipokumbwa na ukame, walitarajiwa kujenga kisha warudi kwao.

Hawakurudi. Makazi yao mengine, Vila Amaury, yalimezwa na maji ya ziwa la kutengenezwa la Paranoá. Wakazi wa Cidade Livre walidai kubaki, na mwaka 1961 sheria ikaitambua kuwa makazi ya kudumu kwa jina la Núcleo Bandeirante. Wengine hawakuwa na bahati hiyo. Mwaka 1971 serikali ilizihamisha maelfu ya familia kutoka vibanda vya karibu na mji, ikazipeleka umbali wa kilomita zaidi ya 20, mahali palipoitwa Ceilândia. Silabi ya kwanza, CEI, ni kifupi cha kampeni yenyewe ya kuondoa "wavamizi".

UNESCO iliiingiza Brasília katika Urithi wa Dunia mwaka 1987, na wageni bado huenda kuitazama ramani ya Costa. Ceilândia, iliyobeba jina la kufukuzwa, leo ina wakazi wengi kuliko eneo lile la ndege.