Kagera: Vita Tulivyovisikia Redioni

Ndugu msikilizaji, mwulize mtu mzima yeyote wa Dar es Salaam vita vya Kagera vilianza lini, naye atakujibu bila kusita kwamba ni Novemba 1978, siku ile Mwalimu Nyerere aliposema tutampiga. Mwulize mzee wa Kyaka au wa Minziro, yeye atakutajia Oktoba, kwa kuwa Oktoba ndiyo aliyokimbia nayo, mtoto mgongoni na godoro kichwani. Na lau ungalimwuliza msikilizaji wa Radio Uganda wa siku zile, angalikuapia kwamba vita hivyo vilianzishwa na Tanzania. Kila mmoja kati ya hao watatu angekuwa anasema kile kilichomfikia.

Jambo hili limenijia kwa sababu ya habari za mashariki ya Kongo. Tangu mji wa Goma ulipotekwa na wapiganaji wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu ukafuata mwezi wa Februari, wengi wetu tumekuwa hatulali bila kuangalia simu. Kinshasa inasema hivi, Kigali inasema vile. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema askari wa Rwanda wamo, Kigali inakana. Hapa kati mtu anakutumia picha ya nyumba zinazowaka moto na kukuambia ni Bukavu. Siyo vita vya mbali hata kidogo: wanajeshi wetu walikuwamo katika kikosi cha SADC kule, na wakuu wa nchi za Afrika Mashariki na za Kusini walikutana hapa hapa Dar es Salaam tarehe 8 Februari 2025 kuvizungumzia. Kila ninaposikia watu wakibishana nani amwaminiwe, nakumbuka kwamba vipo vita ambavyo sisi wenyewe tulivifuata kwa masikio, siku baada ya siku, kwa muda wa miezi saba, na ambavyo leo tunaweza kuvipima: tuliambiwa nini, na mambo yalikuwaje.

Chanzo cha ugomvi nitakipitia mbio mbio, maana kinajulikana. Tarehe 25 Januari 1971 Jenerali Idi Amin alimpindua Rais Milton Obote, ambaye alikuwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Tanzania ilimpokea Obote na ikakataa kumtambua Amin. Septemba 1972 wafuasi wa Obote walivuka mpaka kutoka Tanzania kujaribu kumng'oa, wakashindwa vibaya. Ndege za Uganda zikaipiga Bukoba na Mwanza. Siad Barre wa Somalia akawapatanisha, na katika mapatano ya Mogadishu ya Oktoba mwaka huo kila upande ukaahidi kuweka majeshi yake mbali na mpaka, kilomita 10. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Hapo zikabaki nchi mbili jirani zisizokuwa hata na meza ya kugombania.

Sasa tuje kwenye ule mwezi wa Oktoba 1978. Jeshi la Amin lilikuwa limeanza kuasi. Makamu wake, Jenerali Mustafa Adrisi, alikuwa ameumia katika ajali ya gari iliyowatia watu wengi shaka, na vikosi kadhaa vikawa havielewani tena na mkubwa wao. Ndipo Radio Uganda ilipoanza kutangaza kwamba Tanzania imeivamia Uganda. Habari hiyo haikuwa na ukweli. Walakini ilikuwa na kazi. Mwenye nyumba inayowaka moto akipiga kelele kwamba jirani ni mwizi, watu watakimbilia kwa jirani. Serikali yetu ikakanusha, na wengi mijini wakadhani ni maneno ya kawaida ya Amin, kwa kuwa alikwisha kutuzoesha vituko. Waliokuwa kaskazini ya mto Kagera wao hawakuhitaji redio. Mwisho wa mwezi askari wa Uganda walikuwa wameingia wote wote, wakiua, wakipora ng'ombe, wakibomoa na kusomba mali ya kiwanda cha sukari.

Tarehe 1 Novemba ndipo Kampala ilipotamba. Ilitangazwa kwamba eneo lote la kaskazini ya mto, maili za mraba 710, sasa ni mali ya Uganda, na kwamba limetwaliwa kwa muda wa dakika 25. Nakuomba uzipime dakika hizo, msikilizaji. Hata gari zuri lisingeweza kulizunguka eneo hilo kwa dakika 25, achilia mbali jeshi lenye mizinga. Siku chache baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa, ili Watanzania wasivuke. Baadaye tena Amin akampa Mwalimu changamoto wapigane ngumi ulingoni wamalize ugomvi, mwamuzi awe Muhammad Ali. Dunia ilicheka. Nadhani kicheko hicho kilimfaa Amin kuliko bunduki zake nyingi, kwa sababu waliokuwa wakicheka hawakuwa wakiuliza habari za maiti wa Kagera.

Jibu la Tanzania lilikuja tarehe 2 Novemba, na lilikuja kwa redio. Bara hatukuwa na televisheni wakati ule. Yalikuwapo magazeti ya Uhuru na Mzalendo na Daily News, lakini gazeti la leo lilifika mikoani kesho kutwa. Taifa lilikuwa ni redio moja yenye betri, imewekwa dirishani, na watu wamekaa uwanjani kuizunguka. Hotuba ile watu wanaikumbuka kwa maneno matatu: uwezo, sababu, nia. Aliyeyasema alikuwa mwalimu wa shule, na aliyapanga kama mwalimu anavyopanga hesabu ubaoni. Hakuahidi dakika 25. Hakusema adui ni dhaifu. Alisema kazi iliyopo ni moja, kisha akaeleza tunacho nini cha kuifanyia. Ndiyo maana nchi ilimwelewa, hata mtoto aliyekuwa akichunga mbuzi.

Hapo pia ndipo neno nduli lilipopata mtu wake. Katika kamusi ni muuaji asiye na huruma. Lakini baada ya miezi miwili ya taarifa za habari ukisema nduli, huna haja ya kuongeza jina.

Basi nchi ikajipanga. Malori na mabasi yakachukuliwa kwenda Kagera. Mgambo wakaitwa kwa makumi ya maelfu, na jeshi lililokuwa na watu kama 40,000 likapanda hadi kupita 100,000. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaleta wapatanishi. Mwalimu akawaambia kwamba hazungumzi na mwizi ambaye bado amekalia mali, akawataka kwanza wamlaani mvamizi. Hawakumlaani. Jambo hilo lilimwuma, na alikuwa na haki ya kuumwa, kwani azimio la Cairo la 1964, linalosema mipaka tuliyoachiwa na wakoloni iheshimiwe, ni yeye aliyelipeleka mkutanoni.

Katikati ya Novemba Amin alitangaza anaondoa majeshi yake kwa hiari. Tanzania ikasema ni uongo. Majeshi yetu yakavuka mto na kuwasukuma waliobaki, na eneo likawa letu tena. Hayo yote yalitangazwa, na yalikuwa kweli. Lakini yapo ambayo hayakutangazwa. Mwezi ule ule wa Novemba, pale Musoma, mizinga yetu ya kutungulia ndege iliziangusha ndege tatu za kivita zilizokuwa zikija. Zilikuwa ndege zetu wenyewe. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku haikusema kitu. Mimi simlaumu sana mtangazaji. Hakuna nchi duniani inayomsomea adui makosa yake kwa sauti. Nataka tu tukumbuke kwamba mwenye haki naye hunyamaza. Aliyesikiliza Radio Uganda alipewa uongo, na aliyesikiliza Dar es Salaam alipewa ukweli wenye mashimo. Ndiyo maana watu wazima wa siku zile, baada ya kusikia ya kwetu, walizungusha kisu cha redio polepole wakaitafuta London, kisha Ujerumani, ndipo wakalala.

Januari 1979 vita vikageuka sura. Mizinga ya Amin iliendelea kupiga kutoka Mutukula, na majeshi yetu yakavuka mpaka yakauteka mji huo. Tangu hapo swali likawa: tunakwenda wapi? Mwalimu alilijibu kwa kusema kwamba vita ni viwili. Kimoja ni cha Tanzania, kuulinda mpaka wake. Cha pili ni cha Waganda wenyewe, kumwondoa Amin. Kwa maneno lilikuwa jibu zuri. Kwa miguu, hicho cha pili kilitembea zaidi kwa miguu ya Watanzania, ingawa wapiganaji wa Uganda walikuwamo, wa Obote na wa Yoweri Museveni. Sitaki kusema Mwalimu alikosea kuendelea. Kumwacha Amin Kampala kungekuwa kumwekea nyoka mkia. Lakini Afrika ilikuwa na kanuni kwamba nchi haiingilii nyingine, na msikilizaji mwenye masikio mepesi alijua kwamba tumeipita.

Majina ya miji yakaanza kuwa somo la jiografia. Masaka ilitekwa 24 Februari, Mbarara siku ya pili yake. Askari wengi walikuwa wameiona Kagera ilivyofanywa, na hasira zao ziliangukia majengo: Mutukula ilibomolewa, na sehemu kubwa ya Masaka ikalipuliwa. Hilo nalo halikusomwa redioni. Mwezi wa Machi, huko Lukaya, kikosi chetu kilirudishwa nyuma na jeshi la Amin likisaidiwa na Walibya, kabla ya kujipanga upya na kushinda. Kwa redio Lukaya ilikuwa ushindi tu. Waliokuwapo walikuwa na usiku mmoja mrefu wa kusimulia kabla ya ushindi huo.

Kanali Muammar Gaddafi alipoona rafiki yake anazama, alimtishia Mwalimu kwamba asipoondoa majeshi Libya itaingia vitani. Mwalimu akawaeleza wananchi jambo hilo kinaga ubaga. Ndege kubwa ya Libya ikaja kuipiga Mwanza, ikakosa shabaha. Mabomu yake yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua wanyama wa hifadhi. Swala wa Mwanza ni miongoni mwa majeruhi wa vita hivi ambao hawakuwa na upande.

Tarehe 11 Aprili 1979 jambo kubwa lilitokea, na masikio yaliwahi kulipokea kabla ya macho. Radio Uganda, ile ile ya dakika 25, ilifungua na sauti nyingine. Luteni Kanali David Oyite-Ojok alitangaza kwamba utawala wa Amin umeangushwa. Hapo kila mtu, hata Nairobi, hata Kinshasa, alijua yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Askari wetu walitembea bado, Jinja, Lira, Gulu, Arua, mpaka 3 Juni walipofika mpaka wa Sudan. Majuma hayo karibu hayamo katika kumbukumbu za mjini, kwa kuwa shangwe zilikuwa zimekwisha kupigwa. Mjini tulikuwa tumeanza kusikiliza habari nyingine: sukari, sabuni, mafuta ya taa. Mwalimu alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Vita vinakadiriwa kugharimu dola milioni 500 za Marekani, na hakuna aliyetusaidia kulipa. Mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika huko Monrovia, Julai 1979, ulitupa lawama badala ya mchango. Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walikuwa wa mbele katika kulaumu. Ile miezi 18 ikapita, ikapita tena, na mkanda haukulegea. Si vita peke yake vilivyoufunga, kwani mafuta yalipanda bei na mashirika yetu yalikuwa yakiyumba tangu zamani. Hata hivyo kwa miaka mingi kila foleni ya unga ilikuwa na jibu moja: vita.

Kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, askari wetu 373 walikufa, na chini ya 100 kati yao ndio waliouawa na adui. Wengine walikufa kwa ajali, nyingi za barabarani, kwenye malori yale yale tuliyoyapungia mikono. Raia wa Kagera waliouawa wakati wa uvamizi wanakadiriwa kuwa 1,500. Yaani kwa kila askari mmoja aliyepotea, walipotea wanakijiji wanne, na hao walikufa katika siku ambazo Dar es Salaam ilikuwa bado inabishana kama kweli kuna vita.

Amin alifia Jeddah, Saudi Arabia, tarehe 16 Agosti 2003, bila kupandishwa kizimbani hata siku moja. Askari wetu wako Kaboya, wilayani Muleba, katika makaburi yaliyopangwa safu safu. Wale wanakijiji wamezikwa kwao, migombani. Daraja la Kyaka lilirudishwa, na malori ya Uganda yanalipita usiku na mchana yakielekea bandarini.