Aequatoria: Toka Karatasi Mpaka Intaneti

Mwaka 1937 Padri Boelaert na Padri Hulstaert, wamisionari wa Moyo Mtakatifu, walianzisha kule Coquilhatville, ndiyo Mbandaka ya leo, gazeti la elimu Aequatoria. Lilichunguza lugha na desturi za Wakongo. Msomaji wa Lubudi alipaswa kungoja posta, tena kuwa na feza. Likakoma mwaka 1962. Annales Aequatoria likalifuata toka 1980 mpaka 2009.

Leo Aequatoria wameweka maandiko mengi kwenye intaneti, yasomwe bure. Humo tunapata kitabu cha Padri Tempels juu ya filozofia ya Wabantu, kilichochapwa Elisabethville mwaka 1945. Askofu de Hemptinne alikipinga kwa nguvu. Ni Tempels huyo aliyeanzisha Jamaa karibu na Kolwezi, miaka ya 1950. Na wazee wetu wangapi waliingia Jamaa bila kukiona kitabu chake! Sisi wenyewe tulisikia sifa na lawama zake mbele ya kukisoma.

Lakini magazeti mengi ya Ulaya yangali yanauza makala moja kwa makumi ya dolari. Mzee aliyewapa wachunguzi mezali zake, mjukuu wake atazisoma kwa feza gani?