Kaimati: Tonge Lililovuka Bahari

Wako watu wadhaniao kwamba utamaduni wa taifa ni ngoma, mavazi na mashairi peke yake, na kwamba mambo ya jikoni hayastahili kalamu. Rai yetu ni kinyume cha hiyo. Chakula nacho kina nasaba na mafunzo yake. Mfano tuuchaguao ni kaimati, ambayo wengine huiita kalimati: kile kidonge cha unga wa ngano uliotiwa hamira, kikakaangwa, kikavikwa shira.

Jina lenyewe latuonyesha asili. Kwa Kiarabu luqma ni tonge, na luqaymat ni vitonge vidogo. Kitabu cha mapishi alichokitunga Muhammad al-Baghdadi mwaka 1226 chaeleza andazi la namna hiyo, kwa jina la matonge ya kadhi, likikaangwa kwa mafuta ya ufuta na kuchovywa katika shira. Waturuki hulitaja kuwa lokma. Na katika nchi za Ghuba huandaliwa wakati wa Ramadhani, kama ilivyo kwetu pwani. Hata neno hamira asili yake ni Kiarabu. Basi hatuna haja ya kuficha: jambo hili lilivuka bahari.

Lakini mgeni akaaye sana hujifunza desturi za mwenyeji. Ghuba aghalabu huyamiminia matonge hayo asali ya tende. Kwetu wapishi wengi huukanda unga kwa tui la nazi, na shira huipa harufu ya iliki. Kazi yenyewe haina mizani. Unga hupigwa kwa mkono hata uvutike, kisha hufunikwa mpaka uumuke. Mpishi huukamua katikati ya kidole gumba na cha shahada, akaudondosha karaini katika mafuta yenye moto wa wastani, kwani moto ukizidi, nje huungua na ndani hubaki mbichi. Maarifa hayo yote hukaa katika kiganja.

Na kilicho katika kiganja chaweza kupotea. Tuliokuwa watoto mwanzoni mwa miaka ya 1980 twaikumbuka hali ilivyokuwa baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kupanda kwa bei ya mafuta duniani, na ukame. Unga wa ngano, sukari na mafuta ya kupikia viliadimika, na foleni zilianza alfajiri. Nyumbani kwetu Ramadhani zilipita kwa muhogo na viazi, na karai la bibi likatundikwa ukutani. Bidhaa ziliporejea madukani, baada ya masharti ya uagizaji kulegezwa mwaka 1984, dada yetu alitaka kupika. Unga alikuwa nao, na hamira pia. Lakini kaimati zake zilitoka bapa, ngumu kama kokoto. Alikuwa amekua bila ya kuona zikipikwa. Bibi hakumlaumu. Alimwambia, "Njoo, mjukuu wangu, lete mkono," akaushika ndani ya bakuli, wakaupiga unga pamoja mpaka dada akaujua uzito wake.

Hapo ndipo tulipofahamu jinsi miaka michache ya uhaba ilivyokaribia kukata uzi wa karne nyingi. Haukukatika kwa kuwa alikuwapo mtu mmoja aliyekumbuka.

Desemba 1962, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba kuufufua utamaduni wetu si kukataa kujifunza kwa wengine. Kaimati ni ushahidi wa kauli hiyo. Imekuwa yetu kwa sababu mikono ya mama zetu imeifinyanga upya kila mwaka. Itaendelea kuwa yetu maadamu yupo wa kusema "lete mkono", na yupo kijana, wa kike au wa kiume, wa kuutoa.