Majina Juu ya Makaburi ya Wazee Wetu

Kila tarehe 2 Novemba twapalilia makaburi, twasali, kisha twarudi nyumbani. Ni wachache kati yetu wanaosoma yaliyoandikwa pale. Nayo maandishi hayo yanatoweka: msalaba wa mti huliwa na mchwa, wa chuma huibwa na kuuzwa, na katika miji yetu iliyojaa watu nyumba zimekwisha kujengwa juu ya makaburi ya kale.

Kuyanakili ni kazi inayowafaa vijana wa parokia. Daftari, kalamu, maji safi na brashi laini vyatosha. Brashi ya chuma huharibu jiwe. Asubuhi, jua likiwa chini bado, herufi zilizofifia huonekana kwa vivuli vyake. Kila mstari uandikwe kama ulivyo, hata wenye kosa. Anayesahihisha tahajia anaweza kufuta dalili ya namna familia ilivyolitamka jina lake. Penye maneno «né vers 1898», neno «vers» lisiachwe, kwani latuambia kuwa mwaka huo ulikadiriwa tu. Majina ya miji nayo ni ushahidi: Élisabethville na Stanleyville ziliitwa Lubumbashi na Kisangani tangu mwaka 1966, Albertville ndiyo Kalemie, Baudouinville ndiyo Moba.

Fumbo kubwa zaidi ni la majina ya watu. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya kigeni. Kardinali Malula alipinga, akalazimika kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Hadi mwaka 1990 raia walitambulika rasmi kwa majina ya kienyeji. Basi mzee aliyebatizwa Yosefu mwaka 1930 akafariki mwaka 1980, jiwe lake laweza kukosa kabisa jina ambalo kitabu cha ubatizo kinamjua nalo. Mjukuu anayetafuta ukoo wake atapita mbele ya kaburi la babu asilitambue. Ndiyo maana twasema kwamba kunakili mawe peke yake hakutoshi: nakala iwekwe kando ya vitabu vya parokia, kwa ruhusa ya padri. Sheria ya Kanisa yaidai kila parokia kuwa na vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya wafu.

Tena mawe hayakuwa ya watu wote. Huko Mpala, kando ya ziwa Tanganyika, Mapadri Weupe walipokea kituo mwaka 1885, na miongoni mwa Wakristo wa kwanza walikuwamo watoto waliokombolewa utumwani, wengine wakiwa wametengwa na wazazi wao wangali wadogo. Kwa watu wa namna hiyo, mstari mmoja katika kitabu cha ubatizo waweza kuwa ndiyo maandishi pekee ya maisha yao. Historia itakayoandikwa kwa mawe tu itawakumbuka wamisionari na matajiri, nayo itawaacha nje makatekista, wakulima na akina mama.

Kwa hiyo kaburi lisilo na jina nalo lipewe nafasi katika daftari: liko safu ya ngapi, kati ya nani na nani, chini ya mti gani. Kisha waitwe wazee waliohudhuria mazishi, watembezwe pale polepole, safu kwa safu, na kila jina wanalolitaja liandikwe pamoja na jina la aliyelitaja.