Kutoka Santuri Hadi Sabufa: Historia ya Sauti Nyumbani Kilwa na Lindi

Julai 2004, gesi ya Songo Songo ilianza kuzalisha umeme Ubungo, Dar es Salaam. Bomba lake linatoka kisiwani, wilayani Kilwa, linapita chini ya bahari kilomita 25 hadi Somanga, kisha linakata nchi kavu kilomita 207 hadi jijini. Gesi hiyo ilikuwa imegunduliwa mwaka 1974. Ilipoanza kutumika baada ya miaka 30, jiji ndilo lililotangulia kuwaka. Wenye kisima walisubiri zaidi, hadi Tanesco ilipojenga mtambo mdogo wa megawati 7.5 palepale Somanga Fungu.

Anayetaka kujua kwa nini sabufa imeenea Kilwa na Lindi, ilhali resiva ya homu thieta bado ni kitu cha wachache, aanzie kwenye bomba hilo. Pwani hii, sauti ya nyumbani imefuata mambo matatu: umeme, fedha ya msimu na barabara.

Chombo cha kwanza hakikudai umeme. Gramafoni ilizungushwa mpini kwa mkono, sindano ikawekwa juu ya santuri. Mwaka 1928 Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zake kwa kampuni ya HMV, na sauti ya Kiswahili ikaanza kuuzwa katika miji ya pwani. Gramafoni zilikuwa chache, kwa hiyo mwenye nayo hakusikiliza peke yake.

Redio ikaendeleza mtindo huohuo. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, ikafuatiwa na Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, kisha Redio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965. Redio za transista zilitumia betri kavu, na kiwanda cha Matsushita jijini Dar es Salaam kilitengeneza redio na betri za National. Betri zikichoka zilianikwa juani ili zisukume siku mbili tatu zaidi. Redio yenyewe ilikuwa na spika moja. Iliwekwa barazani, ikafunguliwa sauti, na taarifa ya habari au mpira ukasikilizwa na kila aliyepita.

Bajeti ya mwaka 1984 iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa kutoka nje. Ndipo redio kaseti zenye spika mbili zilipozagaa, na deki za video zikafuata. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa na chake tangu 1973. Kwa hiyo runinga nyingi za mwanzo zilikuwa za kuonyeshea kaseti tu. Zikazaliwa vibanda vya video vinavyoendeshwa kwa jenereta, na baadaye filamu zilizotafsiriwa kwa sauti, kazi iliyompa umaarufu Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu. Mtafsiri hupunguza sauti ya filamu, huzungumza juu yake, kisha vyote viwili hurekodiwa upya pamoja. Hapo mpangilio wa asili wa sauti hupotea: risasi iliyokusudiwa isikike nyuma ya mtazamaji hutoka mbele, sambamba na sauti ya mtafsiri.

Mpangilio huo ulikuwa umetafutwa kwa miaka mingi. Mwingereza Alan Blumlein aliomba hataza ya sauti ya stirio mwaka 1931. Walt Disney aliizungushia hadhira sauti katika filamu ya Fantasia mwaka 1940. Dolby Surround iliingia majumbani mwaka 1982, Pro Logic ikaongeza spika ya kati mwaka 1987, na mwaka 1992 filamu ya Batman Returns ikaonyeshwa kwa Dolby Digital, yenye njia tano za sauti na ya sita kwa ajili ya besi. Ndiyo asili ya namba 5.1. Resiva ni mashine inayopokea njia hizo, kuzitenganisha na kuipa kila spika nguvu yake. Yote hayo yalibuniwa kwa watu walioketi mahali pamoja, ndani ya ukumbi au chumba kilichofungwa.

Kusini, mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Hadi mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na masika yaliweza kuikata safari kabisa. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka huo, mzigo wa Kariakoo ukaanza kushuka Kilwa na Lindi kwa urahisi. Fedha ya korosho na ufuta ikakutana na duka. Kilichonunuliwa ni sabufa: boksi la besi, spika ndogo, nafasi ya flashi, bluututhi, na mara nyingi sehemu ya kuunganisha betri ya volti 12 kwa wenye sola. Iliifaa pwani hii. Inatolewa uani, inapiga taarabu harusini, na jirani hakosi sehemu yake.

Sasa umeme umefika vijiji vingi, na maduka yanauza maboksi yaliyoandikwa 5.1. Mnunuzi awe macho. Mengi yana spika tano zinazorudia njia zilezile mbili. Resiva halisi ina tundu la HDMI lenye ARC au la optiko, na imeandikwa majina ya Dolby Digital au DTS. Wati zilizoandikwa PMPO zipuuzwe. Inayosema kweli ni RMS. Omu za spika zisishuke chini ya zile zinazokubaliwa na resiva.

Kwenye kupanga, spika ya kati ikae chini ya runinga, mbili za mbele zielekee kwenye kiti, na mbili za pembeni ziwe nyuma kidogo ya masikio. Boksi la besi likisukumwa kwenye kona, besi huvimba. Bati na sakafu ya saruji hurudisha mwangwi, ilhali makuti huumeza. Mwenye nyumba ya bati atandike zulia na atundike mapazia mazito. Hewa ya chumvi hula ncha za nyaya, kwa hiyo zisafishwe mara kwa mara.

Lakini kwa anayesikiliza mpira na taarabu uani pamoja na majirani, sabufa nzuri inatosha, na fedha inayobaki inunue stabilaiza. Resiva inamfaa mwenye chumba cha kufunga, filamu zenye njia sita na umeme usioyumba. Kwa nyumba nyingi za Kilwa na Lindi, hayo matatu hayakuwezekana kwa pamoja kwa muda mrefu, na ndiyo maana sabufa ilitangulia.